Kifua cha vumbi: manjano, habbat soda, mkaratusi au mzizi wa China?

Kijana mchimbaji aliingia dukani kwangu jioni, kazi zimeisha, uso unang'aa kijivu kama risasi ya penseli. Hapa Mererani hilo si jambo la kushangaza. Mwamba unaobeba tanzanaiti umejaa grafaiti, na risasi ya penseli ni grafaiti hiyo hiyo. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, akitoka shimoni, ukimgusa bega unabaki na alama kidoleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kifua tena?"

Hakujibu. Alipanga vitu juu ya kaunta kimoja kimoja: kopo la vidonge vya manjano lenye picha ya jua, chupa ya mafuta ya habbat soda, na kichupa kidogo cha mafuta ya mkaratusi. Cha nne kilikuwa kwenye simu, picha ya pakiti ya dawa yenye maandishi ya Kichina aliyotumiwa na rafiki yake. Akasema hela yake inatosha kimoja tu, nimwambie kipi kinasafisha mapafu.

Nilimjibu kwa dakika kumi maana foleni ilikuwa nyuma yake. Hapa najibu kwa kirefu, kwa sababu swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi si mchimbaji mwenyewe bali mke wake au mama yake.

Kabla ya vinne hivyo, niseme la maziwa, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtu anayekula vumbi nchi hii. Fundi rangi anakunywa maziwa, wa saruji anakunywa maziwa, wa kokoto anakunywa maziwa, na wapo waajiri wanaotoa pakiti moja kwa siku na kuhesabu kwamba wameshalinda wafanyakazi. Maziwa ni chakula kizuri. Ila yanapita kwenye umio kwenda tumboni, na vumbi limepita kwenye koo la hewa kwenda kifuani. Njia mbili, hazikutani huko chini. Kinacholainika ni koo, na koo likilainika mtu anaona amepona.

Uliza kwanza ni vumbi gani

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapowapoteza watu. Wanasema "vumbi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mapafu, vumbi ni makundi mawili yenye tabia tofauti kabisa, na dawa ya mmea inayosaidia kundi moja inaweza isifanye lolote kwa jingine.

Kundi la kwanza ni vumbi la vitu vilivyowahi kuwa hai: pamba kwenye viwanda vya kuchambua huko Shinyanga na Simiyu, katani ya Tanga, unga wa mashine ya kusaga, unga wa ngano kwa waoka mikate. Hili linachokoza njia za hewa. Zinavimba, zinabana, makohozi yanaongezeka. Wafanyakazi wa pamba wana dalili yao inayojulikana: kifua kinabana Jumatatu, siku ya kurudi kazini baada ya mapumziko, halafu kinalegea kadiri wiki inavyokwenda. Mwanzoni, mtu akiondoka kwenye vumbi hilo, mapafu yanaweza kurudi karibu na hali yake.

Kundi la pili ni vumbi la mawe, hasa lenye silika, yaani madini ya kwatzi. Liko kwenye dhahabu ya Geita, kwenye machimbo yetu, kwenye kokoto, kwenye mchanga wa kupigia chuma kutu. Linalofika ndani kabisa halionekani kwa macho. Ni chembe ndogo kuliko maikroni tano, na unywele wa mtu una unene wa maikroni kama sabini. Lile wingu unaloliona kwenye mashine ya kusaga mawe ukakimbia ndilo lenye nafuu, maana chembe zake kubwa zinanaswa puani na kooni, unatema kesho yake kohozi jeusi. Hatari inabaki hewani baada ya wingu kutua, wakati watu wamevua vitambaa na kukaa kula.

Chembe ya silika ikifika kwenye vifuko vya hewa, inamezwa na seli walinzi zinazoitwa makrofaji. Kazi ya makrofaji ni kumeza uchafu na kuuyeyusha. Bakteria anayeyuka. Silika haiyeyuki. Inachana kile kifuko cha vimeng'enya ndani ya seli, seli inapiga kengele ya kemikali kuita wenzake, kisha inakufa na kuiachia chembe ile ile, nzima kama ilivyoingia. Makrofaji nyingine inaimeza. Mchezo unaanza upya. Mwaka 2008 watafiti walionyesha swichi inayowasha kengele hiyo ndani ya seli, wakaiona ni mkusanyiko wa protini unaoitwa NLRP3. Kengele ikilia miaka na miaka, mwili unajaza makovu, na kovu la pafu halivuti hewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha machimbo akafungua duka la nguo, na bado silikosisi, yaani ugonjwa huo wa makovu ya silika, ikaendelea kumla.

Kwa hiyo neno "kusafisha mapafu" lifutwe. Hakuna kiini cha mmea kinachozitoa chembe hizo. Kinachoweza kutarajiwa ni kupunguza sauti ya kengele, ili uvimbe uwe mdogo na kovu lichelewe. Vinne vya kaunta yangu nitavipima kwa kipimo hicho, na kwa swali moja zaidi: je, kimejaribiwa kwa watu, au kwa panya tu?

Mzizi wa China

Naanza na ile picha ya simu, kwa sababu ndiyo yenye madai mazito na ndiyo inayostahili heshima na woga kwa pamoja.

Dawa ile ni tetrandrini. Inatoka kwenye mzizi wa mmea wa kutambaa unaoitwa Stephania tetrandra, ambao waganga wa China wanautumia tangu zamani kwa jina la fangji. China ina wagonjwa wengi sana wa silikosisi kutokana na migodi na ujenzi, na huko vidonge vya tetrandrini vimeidhinishwa rasmi kwa ugonjwa huo, vikitolewa hospitalini kwa vipindi, na vipimo vya damu vikifuata. Katika orodha yangu ni yenyewe tu yenye historia ya kutumiwa na madaktari kwa watu wenye silikosisi, si kwa pumu, si kwa kikohozi cha kawaida. Maabara inaonyesha inatuliza makrofaji na kupunguza utengenezaji wa nyuzi za kovu. Madaktari wa huko wanasema inapunguza kasi. Hawasemi inaponya. Na tafiti nyingi walizofanya ni za wagonjwa wachache, mara nyingi dawa ikichanganywa na nyingine, kwa hiyo nje ya China haijawa dawa ya kawaida.

Sasa woga. Inaweza kusumbua ini, kuchafua tumbo, na kufanya ngozi iwe nyeusi kwa mabaka. Hayo daktari anaweza kuyafuatilia. Asichoweza kukufuatilia ni mzizi uliosagwa ndani ya mfuko usio na lebo. Jina fangji linabeba mimea zaidi ya mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, kliniki ya kupunguza uzito iliwapa wanawake vidonge vya mitishamba ya Kichina vilivyopaswa kuwa na Stephania, kumbe ndani kulikuwa na Aristolochia, mmea wenye jina linalofanana. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea mmoja badala ya mwingine, kwa sababu ya jina.

Kama una ndugu China anayetibiwa hospitalini huko, hiyo ni habari nyingine. Kama ni pakiti iliyotumwa kwa basi kutoka kwa rafiki wa rafiki, mimi siiuzi na sikushauri uinunue.

Manjano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayouzika kuliko zote, na ndiyo inayozungumzwa vibaya kuliko zote.

Kiini chake kinaitwa kurkumini, ndicho kinachopaka vidole rangi. Kwenye panya waliotiliwa silika kwenye koo la hewa, kurkumini imepunguza uvimbe, na hilo limeonekana zaidi ya mara moja. Lakini tazama jaribio linavyofanywa. Panya anatiliwa vumbi mara moja, na mara nyingi dawa inaanza siku ile ile au hata kabla. Mchimbaji anayeingia dukani kwangu ana miaka kumi ya vumbi ndani na kesho asubuhi anaongeza. Panya ni kama mtu aliyeanza dozi kabla ya kuumwa. Ukisoma popote kwamba mmea fulani "umelinda mapafu dhidi ya silika", tafuta siku dawa ilipoanza. Nusu ya ahadi inaanguka hapo.

Tatizo la pili ni kwamba kurkumini haipendi kuingia kwenye damu. Unga wa manjano, uwe wa Muheza au wa Zanzibar, una kurkumini kama asilimia tatu tu ya uzito. Kijiko cha chai ni gramu tatu hivi, kwa hiyo unapata miligramu 90. Tafiti nyingi za watu zinatumia miligramu 500 hadi 2,000 kwa siku. Piga hesabu: vijiko vitano hadi ishirini na kitu, kila siku, na sehemu kubwa itapita tumboni na kutoka.

Ndipo ikaja akili ya pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ukali wa pilipili manga, ikiongezwa miligramu 20 tu, kiasi cha kurkumini kwenye damu ya mtu kinapanda mara ishirini. Tangu hapo makopo mengi yanaandika "pamoja na pilipili manga" kwa herufi kubwa. Mara ishirini inasikika kubwa sana, ila ni mara ishirini ya kitu kilichokuwa karibu na sifuri.

Na piperini haichagui. Inafanya hivyo kwa kuzuia milango na vimeng'enya ambavyo ini na utumbo hutumia kupunguza kemikali za kila aina, zikiwemo dawa nyingine unazomeza. Kwa mgonjwa wa TB hilo ni jambo zito, nitalirudia chini. Madaktari wa Marekani wamechapisha taarifa za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano, kadhaa vikiwa na pilipili manga ndani. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Ni wachache ukilinganisha na mamilioni wanaokula, na wote walikuwa wa virutubisho, si wa mchuzi. Manjano kwenye mchuzi, kwenye pilau, kwenye maziwa ya moto usiku, endelea bila hofu, ilimradi unga ni halisi. Unga wenye rangi kali ya kung'aa kupita kiasi utilie shaka. Bangladesh waligundua wafanyabiashara wanaopaka mizizi kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili ipendeze. Nunua mzizi mzima, kausha, twanga mwenyewe.

Kopo lenye picha ya jua? Kwa silikosisi, sijaona sababu ya kutoa hela.

Habbat soda

Hii inakuja na imani kabla ya sayansi. Wateja wangu Waislamu wananikumbusha hadithi kwamba ndani yake mna dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na mimi sibishani na hadithi kwenye kaunta. Ninachouliza ni ugonjwa upi, kwa kipimo gani.

Kiini kinachotajwa zaidi ni thaimokwinoni. Kwa njia za hewa zilizobana, habbat soda ina kitu ambacho manjano haina: watu. Saudi Arabia walijaribu wagonjwa 80 wa pumu, nusu yao wakipewa mafuta ya habbat soda miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki nne, nusu kidonge bandia. Waliopewa mafuta walidhibiti pumu vizuri zaidi, ingawa walibaki na dawa zao za kawaida. Na Iran walilijaribu kwa waathirika wa gesi ya haradali ya vita vya 1980 hadi 1988, watu ambao mapafu yao yaliunguzwa na kitu kilichovutwa kwa pumzi. Walipewa maji ya mbegu zilizochemshwa kwa miezi miwili, na kukoroma kwa kifua na haja ya kutumia kifaa cha kuvuta dawa vikapungua. Katika yote niliyoyapima, hao ndio wanaofanana zaidi na mtu wa vumbi, japo gesi si jiwe.

Hayo ni majaribio madogo, ya muda mfupi, ya njia za hewa. Kwa mtu wa pamba au wa unga yana maana. Kwa kovu la silika hayajathibitisha kitu.

Kasoro ya chupa za mitaani ni kwamba haziandiki zina thaimokwinoni kiasi gani, na mafuta ya zamani yaliyokaa juani yanabadilika. Mbegu nzima ni afadhali, unaziona. Inashusha kidogo sukari na presha, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari au presha aseme hospitalini. Mjamzito abaki kwenye kiasi cha kunyunyizia mkate.

Mkaratusi

Tangu 2020, watu walipojifukiza nchi nzima wakati wa korona, kila nyumba ina maoni kuhusu mkaratusi. Nitasema kitu kitakachowashangaza wanaoudharau: kwa njia za hewa, kiini chake kina ushahidi wa watu wenye nguvu kuliko vyote vinne.

Kinaitwa sineoli. Ujerumani kinauzwa kwenye vidonge laini vyenye kipimo. Mwaka 2003 walichukua wagonjwa 32 wa pumu kali waliokuwa wakimeza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kila siku, wakawapa nusu yao sineoli miligramu 200 mara tatu kwa siku. Baada ya wiki 12 walioipata waliweza kupunguza steroidi kwa asilimia 36, wengine asilimia 7. Mwaka 2009 wakarudia kwa wagonjwa 242 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, miezi sita ya baridi, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua. Yaani haizibui pua tu, inatuliza uvimbe.

Lakini kidonge cha kupimwa na sufuria ya nyungu si kitu kimoja. Mvuke unafungua pua, unalainisha makohozi, unaleta usingizi. Kiasi cha sineoli unachovuta hakijulikani, na maji ya moto nayajua: nimefunga vidonda vya mapaja ya mtoto aliyemwagikiwa na sufuria chini ya blanketi. Na kile kichupa cha mafuta asilia kisinywewe hata kidogo. Vijiko vichache vinaweza kumpa mtu degedege, na mtoto anahitaji kiasi kidogo zaidi. Harufu yake nzuri ndiyo inayowadanganya.

Kwa mwenye silikosisi, mkaratusi unampa nafuu ya usiku mmoja, kovu linabaki palepale.

Vilivyobaki, haraka

Chai ya kijani ina kiini kinachoitwa EGCG. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wachache wa makovu ya mapafu miligramu 600 kwa siku, wiki mbili kabla ya kukatwa kipande cha pafu, wakaona dalili za kutengeneza kovu zimepungua kwenye kipande hicho. Inavutia sana, na ni watu wanaohesabika kwa vidole. Vikombe vya chai, kunywa. Vidonge vya dondoo, hapana: mamlaka ya chakula ya Ulaya ilionya 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kwenye virutubisho ini linaanza kuonyesha dalili.

Kwasetini ya vitunguu: maabara nyingi, watu wachache mno. Sulforafeni ya jamii ya kabichi na sukumawiki: huko Qidong, China, kinywaji cha machipukizi ya brokoli kilisaidia watu kutoa sumu ya benzini zaidi kwenye mkojo, lakini kwa wagonjwa sugu wa mapafu Marekani haikubadilisha kitu. Kula sukumawiki, usiichemshe hadi iwe ya kahawia, na usiiite dawa.

Wala sisemi mimea haifai. Teofilini, dawa ya kifua iliyojaa kwenye zahanati zetu, ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye majani ya chai mwaka 1888. Kromoglikati ya pumu ilizaliwa kutokana na mmea wa Misri wenye kiini cha khelini, na daktari Roger Altounyan, mwenyewe mgonjwa wa pumu, alijaribu mamia ya michanganyiko kwenye kifua chake mwenyewe kwa kujichokoza kwanza na manyoya ya simbilisi. Mmea unakuwa dawa kwa njia hiyo, mtu akipima hadi achoke.

| Kiini | Vumbi la pamba, katani, unga | Vumbi la mawe | Hatari kuu |
|---|---|---|---|
| Tetrandrini | Si kazi yake | Inatumika China chini ya daktari | Ini. Mmea bandia unaoua figo |
| Kurkumini | Dhaifu | Panya tu | Vidonge vyenye piperini |
| Habbat soda | Majaribio madogo ya watu, mazuri | Hakuna uthibitisho | Kushusha sukari na presha |
| Sineoli | Majaribio mazuri ya watu | Nafuu ya makohozi tu | Kunywa mafuta, kuungua |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linaweka vitu vinne kwenye mstari kana kwamba unachagua sabuni. Safu ya tatu ndiyo ya mchimbaji, na hapo ukiondoa China haina kitu.

Kama uko kwenye dozi ya TB, au hujapima

Silika inaua zile seli walinzi ambazo ndizo zinazopigana na kifua kikuu. Mwenye silikosisi ana hatari ya TB takriban mara tatu ya mwingine, na akiwa na virusi vya ukimwi hatari hizo zinazidishana. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza 1926 kwa ajili ya TB, inawapokea wachimbaji wa kwetu kila mara kwa sababu hiyo. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito: kapime makohozi kwanza, ni bure, kabla ya kununua chochote kwangu. Nimeona mtu aliyekunywa mafuta miezi mitatu huku TB inatafuna. Mafuta yalikuwa yanalainisha kikohozi, akaona yanafanya kazi.

Na ukishaanza dozi, rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi tayari zinalipa ini kazi ya kutosha. Vidonge vya manjano na piperini, dondoo la chai ya kijani, mzizi wa China, vyote viache hadi umalize miezi yako sita. Piperini inabadilisha hata kiwango cha rifampisini kwenye damu. Kuna wanaoitumia hivyo kwa makusudi huko India, ndani ya kidonge kilichopimwa. Wewe huna mizani hiyo jikoni.

Hela moja, ununue nini

Marekani sheria ya kazi tangu 2016 inasema silika inayovutwa isizidi miligramu 0.05 kwenye kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Huo ni uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani, imesambazwa kwenye kisanduku cha mita moja kila upande. Chini, tundu likichomwa, yaani mwamba ukitobolewa, pakavu, kiwango hicho kinapitwa mtu akiwa bado anafunga kamba ya buti. Hakuna kidonge, cha mmea au cha kiwanda, kinachokimbizana na hesabu hiyo.

Maji yanakimbizana nayo. Chembe ikilowa inashikana na wenzake na kuanguka badala ya kupanda. Najua hapa kwetu wilayani Simanjiro maji ni ghali na kuyashusha mamia ya mita ni kazi ya watu. Najua pia barakoa inafanya jasho na mtu hasikii mwenzake. Lakini barakoa ya aina ya N95 inazuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ikibana uso vizuri, bila ndevu kuipenyeza hewa pembeni. Kitambaa kilicholowa, barakoa ya bluu ya hospitali, kanga ya mke wako: vinazuia kile unachokiona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyeko kwenye pamba au unga: pima kifua, vaa barakoa, na habbat soda au sineoli yenye kipimo, juu ya dawa za daktari, ina nafasi. Kwa aliyeko kwenye mawe: hela ya kopo iende kwenye barakoa na maji, manjano yabaki jikoni.

Yule kijana alinisikiliza, akarudisha kopo la manjano na mkaratusi kwenye rafu, akachukua barakoa mbili. Habbat soda aliiacha kaunta akasema ataifuata mwisho wa mwezi. Siku chache baadaye akarudi, safari hii na bosi wake wa shimo, wakaniuliza kama nauza lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya nyanya, wanataka kulowesha ukuta kabla ya kuchoma tundu. Sina, nikawaelekeza duka la pembejeo ng'ambo ya barabara. Nikawakimbilia hadi mlangoni: mnunue jipya, lisiwe la shambani lililowahi kubeba dawa, na muweke maji matupu.